Soweto East: kila chuma kina bei, ila sumaku

Siku ile sikwenda Kibera kutafuta habari. Nilikwenda kutafuta mashairi yangu. Kompyuta yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika mikononi mwa wengine, ilizimika usiku mmoja ikakataa katakata kuwaka tena, na ndani yake mlikuwa na tungo zangu za miaka tisa ambazo kwa uvivu sikuzinakili mahali pengine. Sahibu yangu mmoja aliyeona nilivyonywea akanambia, nenda Soweto East, yuko kijana huko hufufua hata zilizokwisha kuzikwa. Basi nikavaa kofia yangu, nikaipakata kompyuta kama mtu apakataye mtoto mgonjwa, nikashika njia.

Kwa asiyepajua, Soweto East ni kimoja katika vijiji vya Kibera, upande wa mashariki. Hapo ndipo serikali na Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa walipoanzia ule mpango wa kuwajengea watu nyumba zilizo bora. Wakaazi wa sehemu yake moja walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, na mwaka 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa. Kwa hivyo ukisimama hapo leo waona ghorofa upande huu na mabati upande ule, na baina yake vichochoro, na ndani ya vichochoro hivyo hakuna kitu kinachotupwa bila ya kwanza kupita mikononi mwa mtu anayejua thamani yake. Ndivyo nilivyodhani, angalau, siku hiyo nilipokuwa nikiingia.

Nilimkuta fundi ameketi nyuma ya meza yake, ambayo ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali.

"Shikamoo, ustadhi." (Nairobi ukivaa kofia basi wewe ni ustadhi, uwe hujamaliza hata juzuu moja.)

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Akaipasua kompyuta tumbo, akatoa diski inayohifadhi maandishi, akaitia umeme, akaitegea sikio. Ikalia tik, tik, tik, kama mjusi kafiri ukutani. Akaizima.

"Pole, ustadhi. Hii imekwenda. Kichwa kimekwaruza sahani, na kikishakwaruza hakuna wa kuisoma tena."

Nilinyamaza. Naye, nadhani kwa kutaka kunipoza, akaniomba ruhusa aifungue nione mwenyewe palipokuwa mashairi yangu. Akachukua bisibisi ya nyota, akafungua misumari mmoja mmoja. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kuliko kioo cha bibi harusi, juu yake mkono mwembamba wa kusomea, na nyuma ya mkono huo vipande viwili vyenye rangi ya fedha, vilivyopinda mfano wa mwezi mwandamo. Nikanyosha kidole. Vile vipande, ambavyo kijana alikuwa keshavitenganisha kwa nguvu, vikarukiana na kunibana ngozi mpaka nikataja jina la Mola. Kijana akacheka.

"Hizo ni sumaku. Ndizo zilizokuwa zikiusukuma ule mkono kwenda kwenye mstari unaoutaka. Kila ubeti uliouandika, zilipita kwanza hizi."

Baada ya hapo akaniuliza kama nataka mabaki. Nikamwambia fanya utakavyo. Jirani yake, kwa upande wa pili wa kichochoro, ni mama mmoja anayenunua vyuma kuukuu, ana mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti. Kazi yake ni kazi ya kutazama: gamba la diski likaenda kwenye fungu la aluminiamu, bodi ya kijani ikaenda kwenye gunia la mabodi kwa sababu hiyo ina wanunuzi wake maalumu, nyuzi za shaba nyekundu zikawekwa kando kama dhahabu, misumari ikatupwa kwenye chuma. Kila kitu kina bei, na bei ya kila kitu iko kichwani mwake, wala haandiki. Nikampa zile sumaku.

"Na hizi, mama?"

Akazikataa kwa mkono. "Hizo hazina bei, ustadhi. Zinashika mizani yangu tu."

Kweli, alipozikaribisha kwenye ndoana ya mizani ziling'ang'ania pale, mshale ukayumba, na ikabidi azing'oe kwa koleo. Akaniambia kwamba huzitupa kwenye fungu la chuma, au huwapa watoto, nao huzifunga kwa uzi na kuziburura mtaroni ili zinase misumari na vifuniko vya chupa, ambavyo humrudishia yeye kwa kilo.

Mimi nimesomeshwa chuoni kabla sijasomeshwa shule, na mwalimu wetu alikuwa mkali sana katika mambo ya mizani. Sura ya wapunjao vipimo alitusomesha tungali wadogo, na mpaka leo nikiona mizani moyo wangu hushtuka kidogo. Hapa hapakuwa na mtu anayempunja mwenzake. Palikuwa na kitu ambacho mizani yenyewe haikijui.

Nilipofika nyumbani sikulala mpaka nimesoma. Sumaku ile ni chuma cha kawaida kwa sehemu mbili katika tatu hivi, na sehemu iliyobaki karibu yote ni madini yanayoitwa neodimi pamoja na ndugu zake. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku na huku, na Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani. Neodimi ni mmoja wa jamaa ya vitu 17 ambavyo wataalamu huviita ardhi adimu. Wazee wa lugha watanisamehe, lakini jina hilo ni baya: si ardhi, ni metali, wala vingi vyake si adimu. Mmoja wao, seri, umo katika ardhi kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Taabu ni kwamba havikai pamoja kwa wingi kama dhahabu katika mwamba wake. Vimetawanyika, na palipo na kimoja wapo wengine wote wamekumbatiana, wanafanana tabia hata kuwatenga mmoja mmoja kunataka dawa kali na kuchuja mara mamia. Mtaalamu wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alipochukua kitu kilichodhaniwa kuwa kimoja akakigawa viwili mwaka 1885, kimoja akakiita pacha wa kijani, yaani praseodimi, na cha pili pacha mpya, yaani neodimi.

Na huyu Auer tunamjua sisi, ingawa hatumjui. Mwenye umri wangu aliyesoma Kurani usiku ataikumbuka karabai, na kile kisoksi kilichofungwa ndani yake. Kilikuwa kitambaa kilichochovywa dawa. Ukikiwasha mara ya kwanza kitambaa huungua, hubaki jivu lenye umbo la kisoksi, na jivu hilo ndilo linalong'aa kama mbalamwezi. Ole wake mtoto aliyeligusa! Dawa yenyewe ilikuwa thori, na ndani yake chembe ya seri, na aliyeibuni ni Auer yuyo huyo. Kwa hivyo kizazi kizima cha Pwani kimesoma kwa mwanga wa haya madini adimu pasi na mtu kutuambia. Hata kijiwe kinachotoa cheche katika kiberiti cha gesi, ambacho fundi wangu hukitumia kuwashia sigara yake, kwa sehemu kubwa ni madini hayo hayo.

Leo dunia inayataka kwa jambo jingine. Ikiwa mtu anataka injini ya umeme iwe ndogo, nyepesi na yenye nguvu, aitie sumaku ya neodimi. Motokaa ya umeme hubeba kilo moja au mbili za sumaku hizo. Pikipiki za umeme, zinazopita siku hizi katika barabara za Nairobi bila ya kelele hata mtu akashtukia ziko ubavuni mwake, nazo zina zake. Mashine kubwa za upepo zinazosimamishwa baharini huko Ulaya, zile zisizokuwa na gia, hutumia mamia ya kilo kwa kila megawati moja. Hapa niseme kweli, kwa sababu nimesikia watu wakichanganya: si kila mashine ya upepo iko hivyo. Zile 365 za Turkana zina gia na koili za shaba, wala hazikuhitaji sumaku hizi.

Zaidi ya nusu ya uchimbaji wa madini haya uko Uchina, na katika kuyasafisha na kuyafanya sumaku Uchina ina karibu sehemu tisa katika kumi. Mwaka 2010 ilipopunguza kuyauza nje, bei zilipanda kama moshi, kisha zikaporomoka. Aprili 2025 ikaweka masharti juu ya aina saba za madini hayo na juu ya sumaku zenyewe, na viwanda kadhaa vya magari vya Japani, Marekani na Ulaya vikasimamisha kazi kwa muda kwa kukosa vipande ambavyo ukubwa wake ni kama ukucha. Nilikumbuka mtoto wa Soweto East na uzi wake mtaroni.

Sasa niruhusu, msomaji, nikurudishe kwetu Pwani kidogo, kwani jambo hili lina mguu mmoja huko. Kusini mwa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna kilima kinachoitwa Mrima. Kwa Kidigo mrima ni mlima, kwa hivyo wanaosema "Mlima Mrima" wanasema mlima mlima. Nao Wanubi wanaposema Kibra, jina lililozaa Kibera, humaanisha msitu. Mrima ni mlima na msitu pamoja, tena ni msitu wa kaya, Wadigo huuheshimu na kufanya ibada zao humo. Chini ya miti ile pana madini adimu na niobi, na hilo limejulikana tangu zama za Mwingereza, miaka ya 1950. Mwaka 2013 kampuni moja iliyopewa leseni ilitangaza kwamba mali iliyomo inafikia dola bilioni 62.4. Mwaka huo huo leseni ikafutwa, kampuni ikaishitaki Kenya, na mwaka 2018 baraza la usuluhishi huko Washington likaamua kwamba leseni haikuwa na nguvu kisheria, kwa kuwa masharti ya mazingira hayakufuatwa. Kilima hakijachimbwa mpaka leo. Lakini wageni hawajaacha kukitazama, na kila bei inapopanda hutazamwa zaidi. Jambo moja ambalo wengi hawalitaji ni kwamba madini ya aina hii aghalabu hukaa pamoja na ile thori ya karabai, nayo ina mionzi. Udongo wa Mrima wenyewe unajulikana kwa mionzi yake. Anayechimba huondoka na neodimi. Thori huachiwa mwenyeji.

Ndiyo maana ile kauli ya mama, "hazina bei", ilinikera usiku ule. Huku twaambiwa kilima cha watu huenda kikapasuliwa kwa ajili ya kitu hiki, na huku kitu hicho hicho, kilichokwisha kuchimbwa, kilichokwisha kusafishwa kwa dawa zote zile, kinatupwa kwenye fungu la misumari. Na likifika wapi fungu hilo? Huenda kiwandani kuyeyushwa liwe nondo za kujengea. Tanuri la chuma haliijui neodimi. Huungana na hewa, ikaelea juu pamoja na takataka, ikamwagwa. Na hata mabodi yanayosafirishwa ng'ambo yakatolewe dhahabu na shaba, chembe za madini adimu zilizomo humo huishia vivyo hivyo, katika takataka za tanuri.

Usidhani Wazungu wametushinda sana katika hili. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu takataka za umeme ilisema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo hivyo, na kwamba madini adimu yanayopatikana kwa kuvirejeleza hayatoshelezi zaidi ya asilimia moja ya mahitaji. Asilimia moja! Ufaransa, kampuni ya Solvay ilikuwa na kiwanda kilichochuja madini hayo kutoka unga wa taa kuukuu za mirija. Bei zikashuka, taa za aina mpya zikaja, kazi ikafungwa mwaka 2016. Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Birmingham wana njia ya kupendeza: sumaku huwekwa katika gesi ya haidrojeni, nayo huinywa, ikavimba, ikajibomoa yenyewe ikawa unga, na unga ule hufanywa sumaku nyingine bila ya kupitia dawa kali.

Lakini kila mahali tatizo la mwanzo ni lile lile. Kwao vyombo vikuukuu hutiwa katika mashine ya kusaga, na sumaku zikishasagwa, chembe zake hung'ang'ania kuta za mashine na vipande vya chuma, zisipatikane tena. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Zinashika mizani! Linalowashinda wenye mashine za mamilioni, kuitoa sumaku nzima ikiwa bado ni sumaku, kijana wa Soweto East hulifanya kwa dakika chache, kwa bisibisi, juu ya mlango uliolazwa.

Juma lililofuata nikapanda matatu ya 46 mpaka Kawangware kuona kama huko mambo ni mengine. Wanunuzi wawili wa vyuma walinijibu kama yule mama, ila mmoja alidhani nimetumwa na serikali na akaanza kufunga. Simlaumu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, biashara ya vyuma kuukuu ilipigwa marufuku nchi nzima, na kwa zaidi ya miezi mitatu watu wa mizani walikaa bila ya kazi, waliohujumu na wasiohujumu. Fundi mmoja wa simu alikuwa amepanga visumaku vidogo vya spika za simu ukingoni mwa meza, kila kimoja kimeshika misumari ya simu yake isichanganyike. Nikamwambia kuna nchi zinagombania hivyo. Akaniangalia kwa huruma.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa hesabu. Sumaku za diski moja ya kompyuta ya mezani ni gramu kumi hivi. Ili kupata tani moja zatakiwa diski laki moja, na tani moja si kitu mbele ya kiwanda. Hata Nairobi nzima ikikusanya, Mrima hautaokolewa na makopo yetu. Lakini pikipiki za umeme na motokaa zake, zinazouzwa leo kwa sifa nyingi, zitakufa. Zitakufa hapa hapa, na zitaletwa hapa hapa, kwa mkokoteni. Siku hiyo sumaku zitahesabiwa kwa kilo, na ama mizani itakuwa imeshajifunza, ama zitakwenda tanurini pamoja na misumari.

Sheria ipo. Sheria ya taka ya mwaka 2022, pamoja na kanuni zilizofuata mwaka 2024, zinasema anayetengeneza au kuingiza chombo nchini atabeba jukumu lake mpaka kinapokuwa taka. Vituo rasmi navyo vipo, kama kile cha WEEE kilichoko Utawala, kilichoanza mwaka 2012. Khofu yangu ni njia itakayochukuliwa kutoka hapa kwenda huko. Mara nyingi taka ikishakuwa na bei, hutokea mwenye lori na karatasi zilizopigwa muhuri, na yule aliyeijua taka ilipokuwa taka akaambiwa hana leseni. Ningependa fedha hiyo ya waagizaji ifike kwenye mizani ya mama, imlipe kwa sumaku iliyofunguliwa kwa bisibisi kama anavyolipwa kwa shaba. Tena afadhali hiyo kuliko shaba, kwani sumaku haihitaji kuchomwa. Nimewaona vijana kando ya mto wakichoma nyaya wapate shaba, moshi mweusi ukiwaingia vifuani, mmoja wao kajifunga leso puani kama kwamba leso itamsaidia.

Nilirudi Soweto East nikamweleza fundi yote haya, na mama akasogea kusikiliza huku akipima masufuria ya mtu. Kijana akauliza swali moja tu.

"Nani ananunua, ustadhi? Hapa Nairobi, leo?"

Nikamwambia bado sijampata.

"Basi ukimpata utatuambia. Sisi tutaziweka."

Mama akasema kuziweka si tabu, mradi zikae mbali na mizani yake.

Zikapita wiki sita. Nilipopita tena nilikuta kopo la plastiki la siagi limekaa juu ya rafu, limejaa kiasi cha robo, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ZA USTADHI. Zilikuwamo za diski, za spika za simu, na moja nene ambayo kijana aliniambia imetoka kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa na lori, ya kwanza kumfikia. Nikataka kuliteremsha kopo nilitazame vizuri, likakataa. Lilikuwa limeushika ukuta wa mabati, na ilitubidi tulivute sisi wawili.